Soko la Krismasi la Nürnberg na Watoto Wadogo: Mwongozo Kamili wa Siku Moja

Mara ya kwanza tulikwenda Jumamosi jioni. Saa kumi na moja ilitukuta tumekwama kati ya safu mbili za vibanda, kigari cha mtoto hakiendi mbele wala hakirudi nyuma. Mkubwa analia vidole vinamuuma, mdogo kalala, mguu mmoja hauna kiatu wala soksi, na hakuna anayejua vimeangukia wapi. Taa nilizozifuata kwa hamu sikuziona. Niliona migongo ya makoti.

Tangu siku hiyo tumerudi mara nne, mara mbili na mama yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Nilichojifunza ni hiki: usianze kupanga mtakavyoviona. Panga kwanza mtaota joto wapi, mtakwenda choo wapi na mtakula wapi, tena kwa saa zake. Vibanda vitajipenyeza vyenyewe katikati. Mtoto wa miaka mitatu mwenye miguu ya moto na tumbo lililoshiba hufurahia hata boksi tupu. Akiwa na baridi, hata malaika akishuka atamlilia mama yake.

Sisi tunaishi Ingolstadt, kwa hiyo mfano wangu ni Nürnberg, lakini mpangilio wenyewe utakufaa hata ukiwa Köln, Dresden au Strasbourg.

Kwanza, fahamu unakokwenda

Soko hili huitwa Christkindlesmarkt, na liko Hauptmarkt, uwanja mkuu wa mji mkongwe. Ushahidi wa maandishi wa zamani zaidi ni wa mwaka 1628: kisanduku cha mbao, kimeandikwa chini kwamba ni zawadi iliyotumwa kutoka soko la Mtoto Kristo. Kisanduku hicho bado kimehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya Kijerumani papo hapo Nürnberg. Vita Kuu ya Pili ililisimamisha soko hadi 1948, na korona ikalifunga mwaka 2020 na 2021.

Vibanda ni kama 180, vyote vya mbao, vyote vimeezekwa kitambaa chenye mistari myekundu na myeupe. Kwenye picha vinapendeza. Kwa mtoto maana yake ni kwamba kila njia inafanana na ya pili yake, naye akigeuka mara mbili hajui tena alikotoka. Nitalirudia hili chini.

Watoto wakiona picha za matangazo watauliza: huyu dada mwenye taji na nywele za dhahabu ndiye nani? Ndiye Christkind. Jina maana yake ni Mtoto Kristo, lakini huigizwa na msichana wa Nürnberg anayechaguliwa kila baada ya miaka miwili. Lazima awe na umri wa miaka 16 hadi 19, urefu wa sentimita 160 au zaidi, na asiogope kusimama juu, kwa sababu soko hulifungua akiwa roshani ya kanisa. Mwaka 2019 alichaguliwa Benigna Munsi, ambaye upande wa baba ana asili ya India. Tawi moja la AfD, chama kinachopinga wahamiaji, liliandika maneno ya kejeli juu yake, na watu wengi nchini wakajitokeza kumtetea. Binti yangu huwa namwambia habari hii kila anaponiuliza kama mwenye nywele za kipilipili anaweza kuwa Christkind.

Chagua siku, kisha chagua saa

Soko hufunguliwa Ijumaa inayotangulia Jumapili ya kwanza ya Majilio (majuma ya kungojea Krismasi) na kufungwa tarehe 24 Desemba. Kwa kawaida vibanda huwa wazi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tatu usiku. Tarehe 24 hufungwa mchana. Hakikisha kwenye tovuti ya jiji kabla ya kukata tiketi.

Ijumaa ya ufunguzi usithubutu na watoto wadogo. Christkind husoma shairi lake saa kumi na moja na nusu jioni, uwanja unafurika, na mtoto wa urefu wa mita moja haoni kitu. Mtazameni kwenye intaneti, nyumbani, mkiwa na uji wenu.

Siku zinazofaa ni Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Jumatatu kuna nafasi pia sokoni, ila makumbusho mengi hufungwa, na makumbusho ndiyo mtakayokimbilia kuota joto. Halafu siku za katikati ya wiki Christkind mwenyewe huja kusalimia watoto alasiri. Ratiba yake hutolewa kila mwaka.

Kama una mtoto aliyeanza darasa la kwanza, usimtoroshe shule. Ujerumani shule ni lazima kisheria, na udhuru wa "tulikwenda sokoni" haupokelewi. Nendeni Jumapili, muwe uwanjani saa nne kamili, na saa nane mchana mwe mmeshaondoka. Mtazikosa taa, ila mtapata hewa ya kuvuta.

Wenye watoto wa chekechea, lengeni wakati mmoja hasa: katikati ya Desemba jua huzama Nürnberg saa kumi na robo hivi. Kati ya hapo na saa kumi na moja taa zinawaka, mbingu bado ina ubuluu wake, na watu wa kutoka kazini hawajafika. Dakika hizo arobaini na tano ndizo mlizozifuata. Mipango mingine yote ni ya kuwafikisha watoto hapo wakiwa bado wana uhai.

Nguo

Hapa ndipo wengi wetu tuliokulia pwani tunapokosea. Tunadhani baridi inashindwa kwa kurundika nguo. Mwaka wa kwanza nilimvalisha mwanangu soksi jozi tatu, buti likambana, damu ikakosa kupita, vidole vikawa barafu ndani ya sufu tele. Soksi moja nene ya sufu ndani ya buti lenye nafasi ya kuchezesha vidole inatosha. Joto linakaa kwenye hewa; ukiibana hewa yote, umelifukuza joto.

Nguo ya kwanza, inayogusa ngozi, isiwe ya pamba. Pamba ikilowa jasho haikauki, na mtoto aliyekimbia kisha akasimama anaganda. Mvalishe fulana ya sufu laini, au zile za michezo zinazokauka haraka, pamoja na suruali yake ya kubana. Juu yake sweta. Juu kabisa ovaroli ya theluji isiyopitisha upepo wala maji. Glavu ziwe za dole gumba tu, zile zinazoviweka vidole vinne pamoja vipashane joto, zimefungwa kwa kamba inayopita ndani ya mikono ya koti. Bila kamba utanunua nyingine sokoni, kwa bei ya sokoni.

Kujua kama mtoto ana baridi, usimshike mikono. Ingiza vidole viwili nyuma ya shingo yake. Pakiwa na joto kavu, yuko sawa. Pakiwa na unyevu, kavaa kupita kiasi. Pakiwa pa baridi, ingieni ndani sasa hivi, si baada ya kibanda kimoja zaidi. Na kumbuka anayekaa kwenye kigari hupoa kabla ya anayetembea, kwa kuwa mwili wake umetulia. Huyo mtandikie ngozi ya kondoo na umfunike mfuko wa miguu.

Yetu wenyewe ambayo mwongozo wa Kijerumani hautakwambia: ngozi zetu hupauka na kupasuka kwenye upepo ule. Mpake mafuta mazito usoni, ya kukaa juu ya ngozi, si losheni ya majimaji. Na kofia ya sufu hukwangua nywele. Mfunge kwanza kitambaa laini cha satini, kofia ije juu yake. Kama kasukwa na shanga, zitoe jana yake. Baridi ya chuma na shanga masikioni utaisikia kwa kilio.

Sasa mbeleko. Mama alipokuja alikikataa kigari, akasema atambeba mjukuu mgongoni kwa kanga kama alivyotubeba sisi wote. Alifunga fundo lake, tukatoka, na hatujafika njia panda mtoto alikuwa ameshateremka hadi magotini. Ovaroli ya theluji inateleza kama samaki! Watu wawili wakakimbilia kusaidia. Tulichogundua ni kwamba mbeleko yafaa, ila ndani ya koti: mtoto avuliwe ovaroli, abaki na sufu, abebwe kifuani, kisha mbebaji avae koti pana juu ya wote wawili. Hivyo bibi na mjukuu walipashana joto siku nzima, naye bibi hakuacha kutukumbusha nani alikuwa na akili.

Kigari tunakwenda nacho hata hivyo, kwa ajili ya mizigo na usingizi wa mchana. Kichague chenye magurudumu makubwa, maana mji mkongwe umetandikwa mawe. Lakini ndani ya safu za vibanda usikiingize baada ya saa nane mchana.

Mkoba na pesa

Chupa ya chai iliyojaa maji ya moto, ya kuchanganyia maziwa au kupozea kwa ya baridi. Nepi, na seti moja kamili ya nguo za ndani kwa kila mtoto. Mifuko miwili ya plastiki ya vilivyolowa. Ndizi na chapati zilizokatwa vipande, kwa sababu foleni ya chakula haimngoji mwenye njaa.

Pesa taslimu ni lazima, kwani si kila kibanda kinapokea kadi. Beba sarafu za senti 50 na euro 1 kando kwa ajili ya vyoo. Kila mtoto mpe bahasha yake yenye jina na sarafu zake. Wetu hupata euro 10 kila mmoja. Zikiisha zimeisha. Tangu tuanze bahasha, vita vya "ninunulie" vimepungua, ingawa mdogo alimaliza zote kwenye farasi wa mbao kabla ya saa tano, akashinda akiiomba bahasha ya mwenzake.

Vinywaji vya moto hutolewa kwenye vikombe vya udongo, navyo vina amana, Wajerumani wanaita Pfand. Unalipa kinywaji pamoja na amana. Ukirudisha kikombe unarudishiwa amana. Kikombe kina picha ya mwaka huo, hivyo ukikipenda unakwenda nacho, amana inakuwa bei yake. Wanne mkinywa mara mbili na kusahau vikombe mezani, umeacha pesa ya chakula cha mchana.

Safari ya kwenda

Kwa treni, tafadhali. Kuegesha gari karibu na mji mkongwe Desemba ni adhabu. Mkiwa ndani ya jimbo la Bavaria, Bayern-Ticket ndiyo rafiki wa familia: inatumika kwenye treni za mkoa, inachukua hadi watu wazima watano, na watoto wa familia walio chini ya miaka 15 husafiri bure kwa masharti yake. Siku za kazi huanza kutumika saa tatu asubuhi. Kutoka Ingolstadt hufika chini ya saa moja, na reli yenyewe inapita kwenye mahandaki mengi, jambo ambalo wanangu hulihesabia vidole kwa sauti kubwa. Kutoka München, treni ya mwendo kasi huchukua saa moja na dakika chache, ila haimo kwenye tiketi hiyo. Wanaokuja kwa mwendo kasi kutoka mbali waulizie behewa lenye chumba cha familia za watoto wadogo.

Mkiwa ndani ya treni, vueni makoti. Mtoto anayepikwa ndani ya ovaroli hushuka na jasho, na jasho ndilo litakalomgandisha.

Choo kabla ya koti. Kanuni hiyo nimeibandika mlangoni kwangu. Kuvua na kuvaa ovaroli ni dakika tano kwa kila mtoto, na mtoto hukumbuka choo zipu inapofika kidevuni.

Kabla ya kutoka kituoni, piga picha ya kila mtoto alivyovaa siku hiyo. Andika namba yako ya simu kwa kalamu isiyofutika ndani ya mkono wa koti. Hapo sasa tembeeni: vukeni kwenda Königstor, lango la mji mkongwe, shikeni barabara ya Königstraße, mpite kanisa la Mt. Lorenzi, mshuke hadi darajani. Ni robo saa kwa mtu mzima, nusu saa kwa miguu mifupi. Darajani simameni mtazame kulia, kuna jengo la kale la hospitali ya Roho Mtakatifu lililokaa juu ya mto Pegnitz kama limeamua kuogelea.

Asubuhi: anzeni soko la watoto

Wengi huingia moja kwa moja Hauptmarkt. Usiende huko kwanza. Ukivuka mto, pinda kulia ufuate njia ya Spitalgasse hadi Hans-Sachs-Platz, ambako tangu 1999 kuna soko dogo la watoto, Kinderweihnacht. Kuna bembea ya farasi wa mbao ya ghorofa mbili inayozunguka, gurudumu la kupanda juu lisilotisha, na treni ndogo. Kuna pia vibanda ambavyo watoto hutengeneza vitu kwa mikono yao. Vibanda ni vifupi, njia ni pana, na saa nne asubuhi watoto wa chekechea za mjini ndio wamejaa, wamevaa vizibao vya kung'aa.

Kaeni hapa saa nzima na zaidi. Msiharakishe. Mkubwa wangu alipokuwa na miaka mitano alikata biskuti umbo la nyota, akaipaka rangi ya sukari, akaibeba kwenye mfuko wa karatasi siku nzima, akakataa kuila wala kuigawa. Ilifika Ingolstadt ikiwa unga, nao ukamwagwa kwenye sahani na kuliwa kwa kijiko. Ukimwuliza leo alichoona Nürnberg, anataja biskuti.

Hapo hapo uwanjani kuna Sternenhaus, ukumbi wa ndani wenye michezo ya jukwaani na muziki kwa watoto wakati wa Majilio. Tiketi zake zitafute mapema. Hata kama hamna tiketi, kumbuka mahali penyewe, ni sehemu ya kuulizia choo.

Saa sita: saa ya kanisani

Saa sita kasorobo mwe mmesimama mbele ya Frauenkirche, upande wa Hauptmarkt. Kila siku saa sita kamili mchana vinyago vya saa ya kanisa huanza kutembea: wakuu saba waliokuwa na haki ya kumchagua mfalme hupita mbele ya Kaisari Karl wa Nne na kumzunguka mara tatu. Ni ukumbusho wa Hati ya Dhahabu ya mwaka 1356, iliyoweka kanuni za kumchagua mfalme. Mitambo hiyo ni ya mwanzoni mwa karne ya 16. Juu yake kuna tufe la buluu na dhahabu linaloonyesha umbo la mwezi. Mbebe mdogo mabegani, na mwelekeze macho juu kabla kengele hazijaanza, kwa sababu vinyago ni vidogo na onyesho halichukui muda.

Wakubwa wajue jambo moja ambalo si la kumwambia mtoto wa miaka mitatu: kanisa hilo lilijengwa palipokuwa na sinagogi, baada ya mtaa wa Wayahudi kuangamizwa mwaka 1349, kwa idhini ya Karl huyohuyo anayeinamiwa pale juu. Mimi hukumbuka kila ninapowainulia watoto wamwone.

Baada ya hapo tembeeni hadi Schöner Brunnen, mnara wa chemchemi uliopakwa dhahabu, kama mita 19 kwenda juu. Kwenye uzio wake wa chuma kuna pete ya kuzungusha, nayo ni desturi kuizungusha na kuomba jambo moyoni. Iko juu, mtoto lazima anyanyuliwe. Huu mnara ndio dawa ya lile nililoahidi kulirudia: vibanda vyote vinafanana, lakini ncha hii ya dhahabu unaiona ukiinua macho. Wafundisheni hapo hapo: "Ukipotea, usitutafute. Mwendee mwenye kibanda, aliye upande wa ndani wa meza, mwonyeshe mkono wa koti." Mwenye kibanda hahami. Nanyi wazazi kubalianeni kwamba mkipoteana mnakutana chini ya mnara, simu ziwepo zisiwepo. Namba ya polisi ni 110, ya dharura ya wagonjwa na moto ni 112.

Chakula, na maswali ya kuuliza

Chakula cha mchana kuleni ndani, mmekaa, makoti yamevuliwa. Saa sita na nusu migahawa bado ina nafasi. Vyakula vya vibandani viwe vya kuonja.

Soseji za Nürnberg ni ndogo, za urefu wa kidole, sentimita 7 hadi 9, zimekolezwa majani ya marjoramu, na huwekwa tatu ndani ya mkate mmoja wa mviringo. Ukisema "Drei im Weggla" umeeleweka. Zinamfaa mtoto kushika. Ila ni nyama ya nguruwe, zote, na familia za Kiislamu zijue hivyo mapema ili mtoto asije akaitamani harufu. Kuna lozi zilizokaangwa kwa sukari, Maroni (kokwa za chestnut) za kuchoma, na viazi vya kukwaruza vilivyokaangwa kama kachori bapa, ambavyo uliza kwanza vimekaangwa kwa mafuta gani. Sentensi mbili zikariri: "Ist da Schweinefleisch drin?" (humu mna nyama ya nguruwe?) na "Ist da Alkohol drin?" (humu mna kilevi?). Wauzaji wamezizoea, hawakasiriki.

Ya pili iulize kila mara. Glühwein ni mvinyo wa moto. Kinderpunsch ni maji ya matunda ya moto bila kilevi, lakini hutoka kwenye kibanda kilekile na kwenye kikombe kilekile, na macho hayatofautishi. Onja mwenyewe kwanza. Hata kama siyo mvinyo, kinaunguza. Mimina nusu kwenye kikombe chenu cha plastiki, ongeza maji ya baridi, ndipo umpe.

Lebkuchen, keki za viungo, ndizo fahari ya mji huu. Bora yake huitwa Elisenlebkuchen: angalau robo yake iwe lozi, jozi au kokwa za jamii hiyo, na unga usizidi sehemu moja ya kumi. Mwenye mtoto anayedhurika na karanga na kokwa asimwachie hata kuonja.

Mama alipofika penye kibanda cha Lebkuchen alisimama, akanusa, akageuka kuniangalia. "Mwanangu, huku wanapika pilau?" Karafuu, mdalasini, iliki, tangawizi, kungumanga, vyote mle. Alinunua kopo zima, akalipeleka Tanga, akawagawia majirani akiwaambia ni keki ya pilau ya Wazungu.

Mchana: fukuzeni baridi

Saa saba na nusu hadi saa tisa na robo kaeni ndani. Msibishane na hili hata kama jua limetoka na watoto wanaruka. Spielzeugmuseum, makumbusho ya vitu vya kuchezea, iko Karlstraße, dakika chache tu kutoka uwanjani. Wenye watoto wanaopenda treni warudi upande wa kituoni hadi DB Museum, ambako kuna sehemu ya watoto kucheza na mfano wa Adler, gari-moshi la Nürnberg hadi Fürth lililozindua reli ya Ujerumani tarehe 7 Desemba 1835. Mdogo akisinzia kwenye kigari, mwache alale ndani ya joto, zipu ya ovaroli ikiwa wazi. Asiye na hela ya makumbusho aingie kanisa la Mt. Sebald, bure, anyamaze.

Nepi zibadilishwe kwenye maduka makubwa ya Karolinenstraße na Breite Gasse. Tafuta neno Wickelraum.

Jioni: dakika arobaini na tano

Choo, koti, kigari mkiache na mmoja wenu pembeni, kisha ingieni. Shikeni safu moja ya vibanda kwenda na nyingine kurudi, basi. Hapa ndipo bahasha hufunguliwa.

Nikushauri cha kununua? Zwetschgenmännla. Ni kikaragosi cha mwili wa plamu kavu zilizochomwa kwenye waya, kichwa ni jozi nzima iliyochorwa macho na mdomo, na kimevalishwa: huyu mfagia dohani na ngazi yake, yule bibi mwenye kapu, wa tatu mcheza mpira. Wa kwetu ni mpiga kinanda. Mdogo alimshika, akamnusa, akauliza, "Bibi, huyu analiwa?" Bibi akamjibu, "Muulize kwanza mwenyewe." Muuzaji alicheka tulipomtafsiria. Mpaka leo mpiga kinanda yuko juu ya kabati, ana alama ya meno begani.

Malaika wa karatasi ya shaba inayometameta, Rauschgoldengel, wanapendeza lakini wanajikunja wakiguswa, na mtoto atawagusa. Vitu vya kuchezea vya plastiki vimo pia. Hivyo utavipata popote.

Rathausplatz, pembeni kidogo, kuna vibanda vya miji rafiki ya Nürnberg, kama vile Kraków, Glasgow na Antalya. Msongamano huwa mdogo huko, napenda kumalizia hapo.

Saa kumi na moja ondokeni, hata kama kila mtu anafurahi. Hasa kama kila mtu anafurahi. Kurudi kituoni pandeni treni ya chini ya ardhi kutoka Lorenzkirche, ni kituo kimoja tu, miguu imechoka. Mkiwa na dakika za ziada na mtoto bado ana nguvu, shukeni kwenye njia ya U2 au U3 mwende kituo kimoja na kurudi: treni hizo hazina dereva, na kiti cha mbele kabisa kinatazama handaki. Mwanangu alisema yeye ndiye aliyeendesha, na hatukumbishia.

Ndani ya treni ya kurudi, vueni buti zote, toeni chapati zilizobaki. Nyumbani, kabla hujalala, jaza buti magazeti yaliyokunjwa na uziweke mbali na kipasha joto. Ngozi ikikaushwa kwa moto hupasuka, na wiki ijayo watazihitaji tena kwa chekechea.